Mtambaazi wa Mwalimu

Mama Majani alikuwa na maswali matatu, na hakuna aliyetoka na chungu kibarazani kwake bila kuyajibu. Nyumba yako ina mwanga kiasi gani? Unakumbuka kumwagilia, au wewe ni mtu wa kusahau? Na nyumbani kuna nani? Wapo wateja waliochukia. Mtu amekuja kununua mmea wa kuweka kando ya televisheni, anahojiwa kana kwamba amekuja kuposa. Yeye hakujali. Alikuwa radhi mteja aende zake kuliko kumpa mmea mtu asiyeufaa. Watu wa namna hiyo huchosha kidogo, tusidanganyane, lakini mimea yao haifi.

Jambo jingine lililowachosha watu lilikuwa ulimi wake. Sisi wengine tunasema mmea huu, unakua, unakauka. Mama Majani hakuwahi kusema "huu". Kwake kila mmea ulikuwa "huyu". Huyu hapendi jua la mchana. Huyu amenuna tangu nimhamishe. Fundi cherehani waliyepanga naye kibaraza kimoja alishamtania mpaka akachoka. Fundi huyo mtaa mzima ulimwita Redio, kwa sababu hana swichi ya kumzima, na mara mbili tatu kwa mwaka alitokea mgeni akamletea redio mbovu aitengeneze.

"Dada," Redio alikuwa akimwambia, "siku ukiniambia 'huyu anaumwa' sitajua kama nikimbilie maji au nimwite daktari."

"Ita vyote viwili," Mama Majani alimjibu, na kuendelea kufuta majani yake kwa kitambaa chenye unyevu.

Hakuwa na mtoto. Mume alikuwa naye zamani, akaondoka kwenda kutafuta kazi mji mwingine, akaipata, na mke akampata hukohuko. Tangu hapo Mama Majani aliishi katika chumba na sebule nyuma ya kibaraza, na kila asubuhi mimea ndiyo iliyokuwa ya kwanza kusikia sauti yake. Hakuona ajabu. Mtu lazima aseme na mtu.

Siku ile, kabla ya adhuhuri, alikuja mwanamke mzee mwenye mwendo wa kupapasapapasa, amevaa gauni la kijani lililopigwa pasi ikakolea. Alijitambulisha mwenyewe: mwalimu mstaafu wa darasa la kwanza, anaishi nyuma ya kiwanda cha magodoro. Redio hakuwapo, alikuwa amekwenda kununua vifungo. Mwalimu alisimama katikati ya vyungu, akageuza kichwa huku na huku kama anayetafuta sauti ilikotoka.

"Nataka majani yanayong'aa," alisema. "Jicho moja nimefanyiwa upasuaji, la pili linangoja zamu yake. Majani ya kawaida kwangu ni ukungu mtupu. Kinachong'aa ndicho ninachokiona, na sebule yangu ina giza."

Hakuna maneno ambayo yangemfurahisha Mama Majani zaidi ya hayo. Alimshika Mwalimu mkono, akampitisha kidole juu ya jani la mmea wa mpira, nene, jeusi kwa ukijani wake.

"Sikia hapo. Hiyo ni nta yake mwenyewe, amezaliwa nayo. Wako wauzaji wanaowapaka mafuta ya kupikia ili wapendeze machoni. Wiki ya pili vumbi limeganda, jani limekosa pumzi." Alichukua karatasi laini, akafuta jani, akamwonyesha: kavu. Kisha akadondosha tone la maji. Lilibingirika juu ya jani zima likaanguka chini bila kuacha alama. "Ukiona maji yanateleza hivyo, huyo ni mzima. Yakitapakaa, mwache hapohapo alipo."

Mwalimu alirudia jaribio lile kwenye jani la pili na la tatu, kwa makini ya mtu aliyetumia miaka thelathini kukagua madaftari. Alichukua mpira. Akachukua na ule mdogo wenye vijani vingi vilivyokaa kama vimepigwa rangi ya viatu, ambao Mama Majani aliuita Mvumilivu kwa sababu unaweza kusahauliwa mwezi mzima usilalamike. Wakabaki kutafuta wa tatu, mkubwa, wa kukaa karibu na dirisha.

"Na nyumbani kuna nani?" Mama Majani akauliza.

"Mimi na mtambaazi wangu tu."

Moyo wa Mama Majani ulichanua. Kwa watu wa miche, mtambaazi ni mmea wowote unaotambaa, ule unaojinyosha ukutani au kushuka kwenye rafu. Miaka yote ile hakuwahi kukutana na mteja aliyeuhesabu mmea wake miongoni mwa wakazi wa nyumba. Aliona amepata mwenzake.

"Ana muda gani?" aliuliza.

"Miezi tisa sasa."

"Amekua?"

"Huyo hakamatiki, mdogo wangu. Ukigeuka kidogo keshafika kwenye pazia. Juzi nimemkuta amejizungusha kwenye mguu wa meza."

"Ndivyo walivyo. Wanafuata mwanga."

"Yeye anafuata kila kinachong'aa, kama bibi yake."

Mama Majani alicheka. Alipenda mtu anayejiita bibi wa mmea. "Basi mfunge na uzi laini, umwelekeze unakotaka aende."

Mwalimu naye alicheka mpaka akashika ukingo wa meza. "Nimfunge? Binti yangu akisikia atanila nyama. Halafu wiki hii ametoa mawili. Ya chini."

"Hongera. Mawili yakishatoka, mengine hufuatana haraka."

"Ndivyo wanavyosema. Ila hayo mawili yametutesa."

Hivyo ndivyo walivyoongea, wanawake wawili wazima wenye akili zao, kila mmoja akifurahia mazungumzo yake. Na Mama Majani, akiwa amechangamka kuliko alivyokuwa kwa miezi mingi, akauvuta mbele mmea wa tatu. Ulikuwa na majani mapana kama sinia, kijani kibichi chenye mabaka ya rangi ya maziwa, na jua likiyapiga yalimeremeta mpaka Mwalimu akasema, "Huyo namwona. Huyo namwona vizuri."

"Anaitwa Bubu."

"Kwa nini Bubu?"

Sasa hapo palikuwa na jibu la kweli na jibu la mzaha. La kweli ni kwamba utomvu wa mmea ule unachoma. Anayelitafuna jani, ulimi unavimba na sauti inapotea, na akiwa mdogo koo lenyewe linaweza kuziba. Bwana bustani aliyemfundisha kazi alikuwa amemwapisha kabisa: nyumba yenye mtoto au mbwa, Bubu haingii. Jibu hilo Mama Majani aliwapa wenye watoto, kisha akawapa mmea mwingine. Wengine aliwapa la mzaha.

"Kwa sababu hasemi," alijibu. "Anatazama tu. Mweke chini, karibu na dirisha. Chungu chake kizito, usikipandishe juu ya kitu."

Mzee wa mkokoteni aliyeitwa Breki alipakia vyungu vitatu, Mwalimu akafuata nyuma akiwa ameshika upande wa mkokoteni kama mtu aliyeshikwa mkono. Mama Majani aliwatazama mpaka wakakata kona. Siku nzima, aliona, ilikuwa imetengenea.

Saa nzima ilipita. Redio alirudi, akaketi kwenye cherehani, akaanza kueleza bei ya vifungo, tabia ya muuza vifungo, na ugonjwa wa mama mkwe wa muuza vifungo. Huku akieleza alitoa kwenye mfuko suruali ndogo, ya urefu wa kiganja na nusu, akaanza kushonea viraka vinene kwenye magoti.

"Ya nani hiyo?" Mama Majani aliuliza, kwa kutaka tu kumtoa kwa mama mkwe.

"Ya mtambaazi wa Mwalimu. Ametoboa suruali tatu mwezi huu, magoti yale sijui ya chuma." Alikata uzi kwa meno. "Si nimepishana na Mwalimu mwenyewe njiani na mkokoteni wako? Ana haraka, mtoto kamwacha kwa jirani amelala."

Mama Majani aliweka chini kitambaa chake.

"Mtambaazi nani?"

"Mjukuu wake. Ndivyo anavyomwita. Binti yake yuko kiwandani mchana kutwa, bibi ndiye analea. Dada, mbona hivyo?"

Maneno ya asubuhi yalikuwa yakimrudia moja moja. Miezi tisa. Anafuata kila kinachong'aa. Ametoa mawili, ya chini. Meno, si majani. Mwalimu alikuwa amesema kila kitu waziwazi, kwa Kiswahili kilichonyooka cha darasani: anafuata, hakamatiki, ametoa. Muuza miche mwingine yeyote angeshtuka kusikia mmea "ametoa", angesema subiri kwanza, unamsema nani? Yeye peke yake, mjini humo, ndiye ambaye hangeshtuka, kwa sababu ndivyo anavyosema mwenyewe kila siku. Na alikuwa ameagiza chungu kiwekwe chini.

"Mpigie simu," alisema. "Mpigie Mwalimu sasa hivi."

Redio, kwa mara ya kwanza tangu ajulikane, hakuuliza kwa nini. Alipiga, akasikiliza. "Haipatikani. Mtoto akilala huwa anaizima. Akiamka anaiwasha."

"Basi amelala."

"Amelala. Kuna nini?"

Alimwambia kwa maneno kumi. Redio alisimama, suruali ndogo ikaanguka. Akamtajia jengo: la tatu nyuma ya kiwanda cha magodoro, ghorofa ya pili, mlango wa buluu. Akamwandikia namba ya simu kwenye kiganja kwa chaki ya kushonea. Pikipiki zilikuwa zimezuiwa upande ule, barabara ilikuwa imechimbwa karibu yote kwa ajili ya mabomba ya maji. Mama Majani aliondoka na kandambili zake za kumwagilia, kwa miguu, na alipofika kwenye mtaro wa kwanza alikuwa anakimbia.

Alikuwa na miaka hamsini na mbili na goti moja bovu. Alikimbia kwa namna ya watu wa umri wake, yaani kwa kutembea kwa hasira. Kila baada ya nyumba kadhaa alipiga ile namba. Haipatikani. Alishukuru. Haipatikani. Alishukuru tena, akaruka kifusi, akateleza, akainuka na tope mpaka kwenye paja. Lala, mwanangu, alikuwa akisema kwa sauti, na watu waliokuwa kwenye foleni ya mkate walimtazama. Lala, lala, lala bado.

Karibu na ukuta wa kiwanda alimkuta Breki anarudi na mkokoteni mtupu.

"Mama, mgongo wangu umekoma," Breki alianza. "Ghorofa ya pili, na ngazi zenyewe..."

"Yule mpana umemweka wapi?"

"Chini, karibu na dirisha, kama ulivyoagiza mwenyewe. Kapenda kweli. Kaniambia nisogeze mkeka pembeni kidogo upate nafasi."

"Mkeka wa nani?"

"Wa mtoto, si kuna midoli."

Alimwacha Breki anaongea peke yake. Alibonyeza tena namba, na safari hii simu ikaita.

Ikaita, ikaita. Simu imewashwa, basi mtoto ameamka. Iliita mpaka ikakata. Alipiga tena huku anapanda ngazi, na kwenye ngazi za mwisho aliisikia ikilia upande wa pili wa mlango wa buluu, na nyuma ya mlio wake sauti ya mtoto, kilio kikavu kisichopanda, kama mtu aliyekwisha kulia sana. Aligonga kwa ngumi.

Mwalimu alifungua, mtoto begani. Uso wake ulikuwa na uchovu tu, na mshangao. "Ni wewe? Nimesahau kitu? Samahani, simu naisikia ila mikono imejaa. Meno haya, mdogo wangu. Tangu aamke analia, tazama mate yanavyomtoka, kanilowesha bega lote."

Mama Majani alitazama juu ya bega lile. Bubu ulikuwa kwenye mwanga wa dirisha, unameremeta. Jani la chini kabisa lilikuwa limeraruliwa ukingoni, na kipande chake kilikuwa juu ya mkeka, kimelowa.

"Mlete hapa. Mlete jikoni. Si meno."

Hakungoja ruhusa. Alimchukua mtoto, akampeleka kwenye bomba, akamtia kidole mdomoni na kumfagia pande zote mbili, ulimi na chini ya ulimi. Kilitoka kipande cha kijani cha ukubwa wa ukucha. Midomo ya mtoto ilikuwa imevimba na kung'aa, ulimi umetuna na ncha yake imetokeza nje. Alimfuta kwa kitambaa cha maji baridi, akafuta tena. Kidole chake mwenyewe kilikuwa kimeanza kuwaka moto, akaelewa ni moto gani ulio mdomoni mwa mtoto, na hapo alitaka kulia lakini hakuwa na nafasi.

"Maziwa ya baridi, yapo?"

"Yapo. Kuna nini? Niambie kuna nini, mimi sioni vizuri."

"Ametafuna jani. Jani lile lina sumu."

Mwalimu alipapasa akamimina maziwa, nusu yakaenda mezani. Mtoto alimeza kidogo, akatema, akafungua mdomo kulia, na sauti haikutoka. Kifua kilipanda na kushuka, uso ulikunjamana, machozi yalitiririka, kila kitu cha kilio kilikuwapo isipokuwa kilio chenyewe. Wanawake wale wawili walitazamana. Kisha Mama Majani akamfunga mtoto kwenye kitenge kilichokuwa mgongoni mwa kiti, akalitia lile jani lililoraruliwa kwenye mfuko wa nailoni, akamshika mkono Mwalimu, aliyekuwa ameshatwaa mkoba wake, na wakashuka.

Zahanati ilikuwa pembeni mwa jengo la jirani, hatua mia mbili. Zilikuwa hatua mia mbili ndefu. Mwalimu alikuwa akisema njia nzima, "Nilikwenda jikoni dakika moja. Dakika moja tu, kupasha uji." Mama Majani alikuwa ameweka sikio karibu na pua ya mtoto, anahesabu pumzi.

Muuguzi wa zamu alikuwa mwanamke mnene asiyepoteza maneno. Aliangalia ulimi, akaangalia jani, akasikiliza kifua muda ambao Mama Majani alidhani hautaisha. Akamdunga mtoto sindano, akampa Mwalimu kitambaa chenye barafu ndani. "Njia ya hewa iko wazi," alisema. "Tutamwangalia. Sauti ikirudi, mmevuka. Isiporudi baada ya nusu saa, naita gari." Akataka kujua namba ya mzazi, akampigia mwenyewe.

Wakakaa kwenye benchi. Saa ya ukutani ilikuwa na mshale wa sekunde unaokwama kidogo kila unapopanda. Mtoto alilala kifuani mwa bibi yake macho wazi, anapumua kwa mdomo. Dakika kumi. Kumi na tano.

"Mungu amekuleta," Mwalimu alisema polepole. "Sijui ulijuaje. Ningempaka dawa ya fizi, nikamlaza. Ningemlaza, unasikia?" Aliupapasa mkono wa Mama Majani akaupata, akaubana. "Asante, mdogo wangu. Asante sana."

Na Mama Majani alifyata ulimi. Tuseme ukweli ulivyo: alikuwa na nafasi ya kusema palepale, wawili peke yao, na aliuacha mkono wake ubanwe. Alikuwa hajashikwa mkono hivyo siku nyingi. Alijiambia atasema sauti ikirudi.

Ilirudi dakika ya ishirini na mbili. Kwanza mkwaruzo, halafu kilio kamili, cha hasira, kilichomfanya muuguzi atoke na kutikisa kichwa kwa kuridhika. "Huyo sasa. Lia, baba, lia." Mwalimu alimwinamia mtoto akalia naye.

Binti yake aliingia wakati huohuo, kofia ya nailoni ya kiwandani bado kichwani, anahema. Alimnyakua mtoto, akamwangalia mdomo, vidole, macho, kila mahali. Muuguzi alimweleza kwa kifupi: jani la sumu, amewahishwa, atapona, uvimbe utashuka kesho. Binti alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akamgeukia mama yake.

"Jani limefikaje kwake?"

"Nilinunua mimea leo. Nilikwenda jikoni dakika moja."

"Dakika moja." Hakupaza sauti, na ingekuwa afadhali apaze. "Wiki iliyopita kisu cha mezani, ulisema dakika moja. Mama, huoni. Nilikuambia ngoja mpaka jicho la pili litengenezwe, ukasema unaweza. Sasa unaingiza sumu ndani ya nyumba na kuiweka kando ya mkeka wake."

Mwalimu alifungua mkoba wake, akaanza kutoa vitu vya mtoto na kuvipanga kwenye benchi, kimoja kimoja, akivitambua kwa vidole: chupa, kofia, soksi mbili, kitambaa cha mate. Alikuwa akivikabidhi. Hakuna aliyemwambia avikabidhi, lakini alikuwa ameshahukumiwa na alijua, na alikunja kile kitambaa mara nne, akakilainisha kwa kiganja kana kwamba kinakwenda kabatini.

"Nitamtafutia mahali pengine pa kulelewa," binti alisema. "Kuanzia kesho."

Mama Majani alikuwa karibu na mlango. Muuguzi alikuwa amegeukia kazi zake, binti hakuwa hata amemuuliza yeye ni nani. Angesema kwaheri, angeondoka na kandambili zake za tope, na maisha yake yote Mwalimu angemwombea dua. Alimwangalia yule mama mzee anakunja soksi asizoziona vizuri.

"Mimi ndiye niliyemuuzia," alisema.

Binti alimtazama kwa mara ya kwanza.

"Mimi ndiye mwenye miche. Na mimi ndiye niliyesema uwekwe chini. Mama yako hana kosa. Nilimuuliza nyumbani kuna nani, kila mteja namuuliza, kwa sababu mmea ule hauingii kwenye nyumba ya mtoto. Akaniambia. Akaniambia yuko mtambaazi, ana miezi tisa, anakimbilia kila kinachong'aa, ametoa mawili ya chini. Alisema yote. Mimi nilidhani..." Ulimi ulikuwa mzito kama wa aliyelitafuna jani. "Nilidhani anasema mmea. Mmea unaotambaa. Sisi tunawaita hivyo."

Muuguzi aliacha kuandika.

"Ulidhani mwanangu ni mmea," binti alisema.

"Ndiyo."

"Ametoa meno mawili, ukadhani ni mmea."

"Nilidhani ni majani. Nilimpa hongera."

"Nani anaisema mimea hivyo? Nani, mtu mzima?"

"Mimi," Mama Majani alisema. "Nakaa peke yangu."

Binti alimgeukia mama yake. "Kweli ulimwambia?"

Mwalimu alikuwa ameshika kile kitambaa hewani. Uso wake ulikuwa umeelekea kwa Mama Majani, ukimtafuta kwenye ule ukungu wake, na hapakuwa na shukrani tena usoni pale. "Nilimwambia," alijibu. "Nilicheka naye. Aliniambia nimfunge na uzi, nikadhani ananitania."

Binti alisimama pale muda mrefu, anambembeleza mtoto kwa mwendo ule wa mama anayebembeleza bila kujua kwamba anabembeleza. Mwishowe aliokota chupa, kofia na soksi, akavirudisha kimya kimya ndani ya mkoba wa mama yake, akakitwaa na kile kitambaa mkononi mwake, akakitia juu. "Kesho saa kumi na mbili na nusu," alisema. "Kama kawaida. Ila mimea yote itoke leo." Kisha, bila kugeuka: "Na wewe, mama, naomba nisikukute tena kwenye mlango wa mama yangu. Sisemi kwa ubaya. Nikikuona nitakumbuka leo."

"Nimeelewa," Mama Majani alisema. "Breki atakuja kuichukua. Yule mpana ashikwe na mfuko, asiguswe kwa mkono mtupu."

Alitoka nje. Jua lilikuwa bado kali na kidole chake bado kinawaka. Alikuwa amefika kwenye ngazi ya mwisho aliposikia hatua za kupapasa nyuma yake, akageuka. Mwalimu alikuwa mlangoni, mkono mmoja kwenye fremu.

"Uko hapo?"

"Niko hapa, Mwalimu."

"Ungeweza kunyamaza. Nisingejua kamwe."

"Ningeweza."

Mwalimu alikunja uso kama anayekosoa daftari gumu. Ndani mtoto alilia, akanyamazishwa.

"Nina hasira na wewe," alisema. "Nitakuwa nayo siku nyingi, na binti yangu akisema neno silivunji. Mlangoni kwangu usije." Alijishika vizuri kwenye fremu. "Lakini Jumapili mtoto anakuwa kwa mama yake, na Redio hafungui. Kibaraza chako nimeshaijua njia yake, naweza kuja kwa kupapasa."

Akarudi ndani kabla hajajibiwa.